Ngozi ya Ndama

Italia, 13 Juni 2021

Kwa Abba na Dada Darmi,

Assalaam aleikum. Darmi, msomee Abba barua hii polepole, na unapoigeuza Kiorma usitie chumvi. Nakujua.

Abba, umetaka nieleze kazi yangu vizuri, maana wazee wa Minjila wanakuuliza na wewe unaishiwa na jibu. Basi waambie hivi. Kiwanda chetu cha Valdorsa kinaunda magari ya mwendo kasi ya matajiri. Gari moja lina viti viwili tu, na injini ya silinda kumi na mbili. Likiwashwa, mtu aliye mtaa wa pili anageuka. Kazi yangu ni huo mngurumo. Nilisomea injini, lakini hapa wamenipa sauti: naipima, nairekodi, nasema bomba likunjwe hapa au lipanuliwe pale.

Sasa kuna sheria. Serikali za huku zinataka moshi upungue, na kila baada ya miaka michache kipimo kinabanwa tena. Sisi tunaounda magari machache tulihurumiwa muda mrefu, lakini huruma hiyo inakwisha. Kwa hiyo kiwanda kizima kinahangaika. Wameongeza mota ya umeme iisaidie injini, na betri yake ina uzito wa ndama aliyeacha kunyonya, ikabidi bodi nzima ipunguzwe uzito. Wametia chujio la masizi ndani ya bomba, sauti ikakabwa. Na tajiri hataki gari lisilonguruma! Basi tumemfichia spika nyuma ya kiti. Anakanyaga mafuta, spika inampigia sauti ya injini ya zamani, ile niliyoirekodi mimi kabla chujio halijaja. Anafurahi, anaondoka.

Idara yetu tulikuwa arubaini, tumebaki kumi na saba. Mimi nipo. Msiwe na wasiwasi.

Gurracha wangu hajambo? Mnaponiandikia anzeni na habari zake, kisha za watu.

Mwanao,
Halkano


Minjila, 2 Julai 2021

Kwako Halkano,

Gurracha hajambo. Watu pia hawajambo, ahsante kwa kutuweka wa pili.

Barua yako Griffin wa saiba aliitoa mtandaoni akaichapisha juzi nilipokuwa Garsen kwenye meza yangu ya maziwa. Bado ananishangaa. Anasema dunia nzima inatumana sauti kwa simu, sisi tunaandikiana kama watu wa zamani. Nilimwambia amuulize Abba. Abba anasema simu ikikatwa maneno yamekwenda nayo, lakini karatasi inalala ndani ya mkebe, na mtu akitaka anasomewa tena. Zako zote zimo kwenye ule mkebe wa biskuti. Nikimsomea mara ya pili, ananirekebisha. Ameshika kila neno.

Hii ya spika ameicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Lakini hiyo tunaijua. Hiyo ni ngozi ya ndama." Unakumbuka ng'ombe akifiwa na ndama anavyokataa kutoa maziwa? Abba anamchuna yule ndama, ngozi anaitandika mbele ya mama yake, mama analamba, maziwa yanashuka. Nikamuuliza Abba ng'ombe anadanganyikaje, na pua anayo. Akasema, "Anajua. Ila anahitaji cha kulamba." Waambie Wazungu wako wamechelewa.

Gurracha ana mimba. Ni uzao wa nne wa yule ng'ombe uliyepewa siku uliyozaliwa, na Abba anamlinda kuliko macho yake. Na kitanda chako cha fito bado kiko pale pale karibu na chake, mtu haruhusiwi kukikalia. Wiki iliyopita shangazi yetu Barwako alikuja kutusalimia, akaweka kifurushi chake juu yake, Abba akakitoa mwenyewe. "Pahali pa Halkano panaachwa wazi. Siku akija asipige hodi, aingie alale." Shangazi aliondoka amenuna.

Kuna habari nyingine. Wageni walikuja, wanaume watatu na mwanamke mmoja mwenye kofia, wakauliza habari za Dida Gudo, malisho yetu ya akiba. Abba aliwapeleka mwenyewe kwa miguu mpaka kule upande wa Chara. Walisimama wakatazama nyasi zimefika magotini, upande huu na upande huu, hakuna kwato hata moja. Mwanamke akauliza, "Hapa ni patupu?" Abba akajaa kama mtu aliyesifiwa mtoto. Akasema, "Patupu kabisa! Tangu mvua ianze hajaingia hata mbuzi." Unamjua akianza habari za Dida Gudo. Akaeleza wazee wanavyoikataza, na kiangazi kikikaza wanavyoifungua. Sijui waliandika yote au waliandika nusu. Walimpa karatasi, akatia kidole gumba. Aliwakamulia maziwa wakanywa.

Unawajua watu hawa? Walijua jina la Dida Gudo kabla hatujalitaja.

Dada yako,
Darmi


Italia, 25 Julai 2021

Dada Darmi na Abba,

Nimecheka sana. Niliwasimulia wenzangu habari ya ngozi ya ndama, na mkuu wetu wa idara akaiandika ukutani.

Kuhusu wageni, msihofu. Ni watu wa kulinda nyasi. Siku hizi kuna kampuni zinazohesabu hewa chafu inayomezwa na nyasi na udongo, na viwanda kama chetu hulipia ili vionekane vimesafisha moshi wao. Sheria yenyewe haihesabu nyasi, inapima bombani tu. Nyasi ni za kumtuliza mteja, alale usingizi. Lakini kwenu ni faida. Dida Gudo itakuwa na walinzi, wenye mashamba na matrekta yao hawataisogelea tena. Si hilo ndilo lililokuwa likimnyima Abba raha miaka yote?

Huku wametangaza magari mia mbili ya mwisho yenye injini ya silinda kumi na mbili. Baada ya hayo ni umeme mtupu. Kila gari litatoka na cheti cha kumwambia mwenyewe kwamba moshi wake umefutwa. Tunafanya kazi mpaka Jumapili.

Gurracha akizaa, Abba amchagulie ndama jina.

Halkano


Minjila, 19 Januari 2022

Halkano,

Mvua za vuli hazikunyesha. Nimekuandikia mara mbili, hujajibu. Labda zilipotea kwa Griffin, labda una kazi nyingi.

Wazee walikaa Ijumaa ya tarehe saba wakasema kiangazi kimeshika, sasa Dida Gudo ifunguliwe. Jumamosi alfajiri Abba aliongoza, kama kawaida, ng'ombe wetu sitini na wanne wakiwa mbele na wa majirani wakifuata. Walipofika walikuta nguzo za saruji zilizopakwa kijani, na vijana wa watu wamevaa sare. Ng'ombe walikuwa wameshasikia harufu ya nyasi, Halkano. Huwezi kumrudisha ng'ombe mwenye njaa aliyesikia nyasi. Wale vijana waliwapiga wanyama mdomoni kwa fimbo.

Walinzi walisema eneo limefungwa kwa miaka thelathini. Wakatoa karatasi yenye kidole gumba cha Abba. Imeandikwa kwamba mzee wa mahali amethibitisha ardhi ni tupu na haitumiki. Ilisomwa mbele ya watu wote.

Abba alisema, "Nilisema patupu kwa sababu tunapangoja!" Nani alimsikiliza? Kwetu kila mtoto anajua kwamba nyasi zilizoachwa ndizo zenye mwenyewe. Ungekuta zimeliwa, hapo ndipo ungesema hazina mtu. Lakini karatasi haijui.

Majirani zetu, jamaa wa Mohamed, walimgeuzia maneno pale pale. "Dukicha, ni mdomo wako." Miaka ishirini anasali safu ya kwanza, Ijumaa iliyofuata alisali nyuma, karibu na viatu.

Sasa anataka kupeleka ng'ombe upande wa Witu. Nimemkataza, miaka sabini na moja si mchezo. Anasema aliyefunga mlango ndiye atafute njia. Wewe uko huko huko wanakolipia. Zungumza na wakubwa wako. Abba anaambia watu, "Nina mtoto ndani ya kiwanda hicho, atasema." Ndilo neno pekee linalomfanya anyanyue uso.

Andika upesi.

Darmi


Italia, 6 Februari 2022

Dada yangu,

Barua yako imenitoa jasho. Nitazungumza nao. Mambo haya yana ngazi nyingi; kiwanda kililipa kampuni nyingine, na hiyo imeajiri nyingine huko Kenya, na kila mtu anamwonyesha mwenzake. Mpe Abba moyo. Mwambie asisafiri.

Huku pia si pazuri. Orodha ya watakaobaki inatoka mwezi wa tano. Ile sauti niliyorekodi wanaijaribu kwenye gari jipya la umeme, lisilo na injini kabisa. Ni ajabu kusikia mngurumo unatoka mahali ambapo hakuna kinachozunguka. Mkuu wangu anasema kama ikipendwa, nafasi yangu ipo.

Gurracha amezaa?

Halkano


Garsen, 11 Mei 2022

Halkano,

Abba hakunisikiliza, alikwenda Witu. Amerudi na ng'ombe tisa. Wengine hamsini na watano wako njiani, hawataondoka tena.

Gurracha alizaa kule. Ndama aliishi siku mbili. Abba alimchuna, akatandika ngozi mbele ya Gurracha ili apate maziwa ya kuwapa waliokuwa naye. Gurracha alilamba siku tatu, ya nne hakuamka. Abba amekuja na ile ngozi begani, kilomita zote hizo. Ameitandika juu ya kitanda chako. Anakohoa, miguu imevimba, daktari wa zahanati amesema apumzike. Meza yangu ya maziwa nimeifunga, sina cha kuuza.

Hiyo ni habari ya kwanza. Ya pili ni hii.

Jana Griffin aliniita. Alikuwa ametafuta jina la Dida Gudo kwenye mtandao, akapata ukurasa wa kiwanda chenu. Pana gari jekundu limesimama juu ya nyasi, lakini nyasi ni zetu, ninakijua kile kichuguu cha nyuma. Chini yake wameandika habari za ardhi tupu ya Afrika inayosafisha magari mia mbili ya mwisho. Halafu pana picha yako umevaa koti jeupe. Griffin alinitafsiria maneno yaliyo pembeni. "Mhandisi wetu, mzaliwa wa Tana, ndiye aliyetuonyesha mahali hapa." Na chini yake pana ripoti uliyowaandikia, tarehe yake ni Aprili 2021. Wageni walikuja Juni.

Griffin alizima kompyuta mwenyewe, akanipa maji.

Sijamwambia Abba. Anaamini ni kidole chake. Jibu, na usinieleze habari za spika.

Darmi


Italia, 29 Mei 2022

Darmi,

Ni kweli.

Waliniita ofisini mwezi wa nne mwaka jana. Walikuwa na ramani tatu za nchi tatu. Walipojua nimetoka Tana walifurahi, wakaniuliza kuna mahali pazuri penye nyasi pasipokaliwa. Mimi pia nilifurahi, nikufiche nini? Miaka sita katika jengo lile hakuna aliyewahi kuniuliza nimetoka wapi. Nilichora Dida Gudo kwa penseli, mkondo wa maji, kichuguu, kila kitu. Niliandika nusu ukurasa. "Eneo hili ni tupu. Halina boma wala shamba. Mifugo haiingii kwa miezi mingi ya mwaka." Hakuna neno la uongo hapo. Sikuandika ni kwa nini patupu, kwa sababu haikunijia kwamba kuna mtu duniani asiyejua. Nilikosea kama Abba alivyokosea, na kwa neno lile lile. Nilidhani nawapelekea walinzi wa kulinda nyasi zenu mpaka mzihitaji.

Hapo ungeweza kunisamehe. Lakini kuna linalofuata.

Mwezi wa kumi na moja niliona mkataba. Uliandikwa wazi kwamba mifugo haitaingia kamwe. Ng'ombe wenu walikuwa bado wazima wote. Ningesema siku ile, labda mkataba ungesimamishwa; mkuu wa kitengo cha sheria alikuwa mtu wa kusikiliza. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Orodha ya kupunguza watu ilikuwa inaandikwa ndani ya ofisi ile ile, na mimi nilikuwa yule kijana aliyeleta mahali pazuri. Nikarudi kwenye meza yangu. Barua zako mbili hazikupotea. Nilizisoma.

Nimebaki kazini. Tumebaki saba.

Msomee Abba barua hii. Usimkunjie hata mstari mmoja. Mwambie si kidole chake, karatasi yake ilikuja baada ya yangu, wageni walishaamua kabla ya kunywa maziwa yake. Arudi safu ya kwanza. Wazee wa Minjila nao waambiwe jina langu. Nakuomba, asikae na kosa ambalo ni langu.

Sijui niandike nini kuhusu Gurracha.

Halkano


Minjila, 9 Septemba 2022

Halkano,

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Abba amefariki Jumatano baada ya swala ya alasiri. Tumemzika siku hiyo hiyo. Watu walikuwa wengi, hata jamaa wa Mohamed walikuja.

Usiandike kwanza.

Darmi


Italia, 2 Aprili 2023

Dada yangu,

Ulisema nisiandike, nimenyamaza miezi saba. Kila wiki nimeanza barua na kuichana.

Magari mia mbili yamekwisha kuuzwa. Hakuna mteja aliyeuliza cheti, wengine wamekiacha kwenye bahasha. Kiwanda kimeacha kulipia nyasi, wanasema gari la umeme halihitaji. Na sauti yangu wameiacha pia. Kompyuta yenyewe sasa inatunga mngurumo, mteja anachagua aupendao. Mwisho wa mwezi huu natoka.

Nakuja nyumbani, Darmi. Nitachunga chochote kilichobaki. Nitasimama msikitini niseme mwenyewe yaliyotokea. Nataka kujua mambo mawili tu. Abba alisema nini uliposoma barua yangu? Na kitanda changu bado kipo?

Mdogo wako,
Halkano


Minjila, 7 Mei 2023

Kwako Halkano,

Mvua imenyesha. Imenyesha vizuri, Garsen barabara zimekatika na Griffin anakanyaga maji mpaka mlangoni kwake. Juzi nilikwenda Dida Gudo. Walinzi wameondoka, naambiwa hawakulipwa. Nguzo za kijani zipo, moja imeanguka. Nyasi zimenifika kiunoni. Sijawahi kuziona nzuri vile. Nilisimama pale nikalia peke yangu, kwa sababu tumebaki na ng'ombe wanne, na majirani vivyo hivyo. Hakuna wa kuzila. Uliandika kwamba eneo ni tupu. Sasa ni kweli.

Umeuliza Abba alisema nini. Nitakuambia, maana nimebeba peke yangu na nimechoka.

Barua yako ilifika akiwa hawezi kusimama. Aliona bahasha ya Griffin mkononi mwangu, akajiinua kwa kiwiko. "Ni ya Halkano? Amesema nao?" Nilikaa karibu yake nikaifungua. Nilisoma yote kimya kwanza, yeye akinitazama midomo. Nilikuwa nimeshika kitu ambacho kingemtoa kule nyuma kwenye viatu. Ningesema tu, Abba, si wewe, na angeweza kufa mtu safi. Lakini ingebidi nimwambie ni nani. Na siku zile hakuwa na kitu kingine, Halkano. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na heshima, alikuwa na mtoto ndani ya kiwanda atakayesema.

Nikamsomea barua ambayo hukuiandika. Nilisema umezungumza na wakubwa, wamesikitika, wanaitazama upya ile karatasi. Nilisema unakuja mwezi wa nane kusimama naye Dida Gudo. Nilisema unamsalimu sana na umemlilia Gurracha. Aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Rudia."

Nikarudia. Wewe unajua anavyoshika maneno. Nilipofika mahali pa safari nikasema unakuja mwezi wa tisa. Akanyanyua mkono. "Mara ya kwanza ulisema wa nane."

Nikaigeuza karatasi kana kwamba naitafuta tarehe. Abba hakukasirika. Alinyoosha mkono kwenye kitanda chako akavuta ile ngozi ya ndama, akaiweka juu ya magoti yake, akaipapasa taratibu. Akasema, "Usirudie mara ya tatu. Iweke na zingine."

Nikaiweka mkebeni. Hakuniuliza tena habari zako. Aliishi miezi miwili na siku chache, akisali amekaa, na kila aliyekuja kumwona alimwambia, "Halkano yuko njiani." Ile Jumatano pia alimwambia imamu. Alijua, na akasema vile vile.

Nilidhani nikimficha namhurumia. Leo nikiwa msikitini nyuma ya pazia nawasikia wazee bado wanasema "tangu Dukicha atie kidole," nami sijui nilimhurumia nani. Niliogopa wewe upotee machoni pake, nikamwacha yeye azikwe na kosa. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kutoka mahali pa juu. Mimi na wewe tulimfanyia jambo moja.

Njoo. Simama msikitini kama ulivyosema, mimi nitaleta ile barua ya kweli isomwe, jina lake lirudi. Hilo ni deni lako na langu, na sitaki lipite mwaka huu.

Kuhusu kitanda. Abba alikiacha wazi miaka saba, na baada yake nilikiacha wazi mimi, miezi sita. Nilikuwa nakipangusa vumbi kila Ijumaa. Mwezi wa tatu shangazi Barwako alikuja na kifurushi kile kile, safari hii hana hata mbuzi mmoja nyuma yake. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kukiweka popote. Nilikichukua mikononi mwake nikakiweka juu ya kitanda chako, naye analala hapo mpaka leo.

Ngozi nimeikunja, nimekuwekea, pamoja na mkebe. Ukifika, piga hodi. Tutakutandikia mkeka.

Darmi